Si kweli kwamba ubongo wa mzee haujifunzi tena

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: ukivuka miaka 60 ubongo haupokei jipya, kwa hiyo anayemuuguza mume au mke asijisumbue kujifunza gitaa. Si kweli. Ubongo huendelea kuunda miunganisho mipya hata uzeeni. Kinachopungua zaidi ni kasi.

Wengi huchanganya uzee na uchovu. Aliyeamka mara tatu usiku kumgeuza mgonjwa atasahau nota asubuhi, hata angekuwa na miaka 30.

Unataka kuhakikisha? Jirekodi kwa simu ukipiga wimbo mmoja, fanya mazoezi dakika 15 kila siku, kisha jirekodi tena baada ya wiki 8 usikilize tofauti.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.