Kocha, mtoto hajapungua nguvu. Amerefuka

Ujumbe uliingia saa kumi na moja alfajiri, maana makocha wa kuogelea hawalali: "Daktari, huyu binti nguvu ya nyonga imeshuka. Januari alikuwa 100, leo 98. Nimeshamwongezea mita za mateke." Chini yake kulikuwa na picha ya jedwali, ambalo lilikuwa limeshatumwa kwenye grupu la wazazi, watoto kumi na wawili wamepangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mkia kama msimamo wa ligi.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari, ila hilo nimechoka kulisahihisha. La msimamo wa ligi bado nina nguvu nalo.

Dainamomita ya mkononi, kile kifaa ambacho mtoto anakisukuma ili kupima nguvu za msuli, inasoma kani kwa nyutoni pale ulipoiweka, basi. Haijui mguu una urefu gani. Msuli wa nyonga unauzungusha mguu mzima kwenye kiungo, na wewe umebonyeza kule chini, karibu na kifundo, mwisho kabisa wa wenzo. Aliyewahi kufungua nati za gurudumu na kuongeza bomba kwenye spana ameshaielewa hesabu hii. Kadiri mguu unavyorefuka, msuli uleule wenye nguvu ileile utakupa nyutoni chache zaidi pale chini. Kwa hiyo unapima urefu kutoka nyonga hadi ulipoweka kifaa, unazidisha. Huyu binti wa miaka 12, Januari: nyutoni 100 mara mita 0.70, sawa na 70 (nyutoni-mita, yaani nguvu ya kuzungusha). Septemba mguu umefika 0.73, nyutoni 98, sawa na 71.5. Amepanda!

Amepanda kiduchu, na kupanda kwenyewe sikuapii. Nikimpima mtoto huyohuyo asubuhi, nikampumzisha, nikampima tena, tofauti ya nyutoni mbili ni kelele tu. Ndiyo maana inanikera mara mbili: kwanza namba imesomwa vibaya, pili hata ingesomwa vizuri isingetosha kumwadhibu mtu.

Na hawa ndio umri wenyewe. Wasichana wengi huchomoka kwa kasi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, na ndani ya kundi moja la "chini ya miaka 13" utamkuta mmoja ameshapita huko na mwingine hajaanza. Kuwapanga hao kwa nyutoni tupu ni kuwapanga kwa urefu na kubalehe. Baba mmoja alinijibu kwamba Rūta Meilutytė, muogeleaji wa Lithuania, alichukua dhahabu ya mita 100 mtindo wa kifua kwenye Olimpiki ya London 2012 akiwa na miaka 15, kwa hiyo umri si kisingizio. Sawa mzee, ila umri wa cheti cha kuzaliwa na umri wa mifupa, yaani mwili umekomaa kiasi gani, ni vitu viwili.

Sasa sehemu inayoninyima usingizi. Utaratibu wa kawaida unasema ukishapata ile 70, igawanye kwa uzito wa mwili ili watoto walinganishike. Fanya hivyo kwa binti wetu: kilo 44 Januari, kilo 47.5 Septemba. Inatoka 1.59, inakuja 1.51. Ameshuka! Kocha akiiona hii atacheka. Lakini kugawa kwa kilo kuna mantiki kwa anayekimbia, maana kila hatua anaubeba uzito wake. Kwenye maji uzito karibu wote unabebwa na bwawa. Anachopigana nacho muogeleaji ni ukinzani wa maji. Ukitaka kujua ataruka vipi kutoka kwenye jukwaa la kuanzia, gawa kwa kilo. Ukitaka kujua teke lake, kusema kweli sina uhakika ugawe kwa nini. Naandika namba zote tatu (nyutoni tupu, iliyozidishwa kwa urefu, na iliyogawanywa kwa kilo) kwenye faili na kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Si jibu zuri. Ndilo nililonalo.

Mengine haraka. Usipime baada ya mazoezi. Mtoto asukume taratibu hadi mwisho wakati wewe umeshikilia tu, usijaribu kumshinda, maana ukimshinda namba huwa kubwa zaidi na huwezi kuilinganisha na ya mwezi uliopita. Kama wavulana wa miaka 16 wanakushinda mikono, funga kifaa kwa mkanda kitandani. La sivyo unapima nguvu zako. Misuli ya ndani ya paja unaweza kuipima kwa mfuko wa mashine ya presha uliobanwa katikati ya magoti, bei poa, ila mshale unaishia 300 na vijana wakubwa hufika hapo.

Na mkao. Wanaoogelea mtindo wa kifua, watoto wanauita chura, huzungusha nyonga kwa ndani katika kila teke, na nguvu hiyo watu wanaipima mtoto akiwa amekaa kwenye kiti, paja limekunjwa nyuzi 90. Hakuna anayeogelea amekaa. Mimi namlaza kifudifudi, goti limekunjwa, nyonga imenyooka. Nayo si teke, najua; ni sekunde tano za kusukuma bila kusogea, wakati mbio za mita 100 ni mateke mengi mfululizo. Lakini walau misuli iko katika urefu unaokaribia ule wa majini.

Jambo ambalo jedwali la kocha halikuwa na safu yake ni maumivu. Nilimpigia mama yake. Binti anaumwa goti upande wa ndani tangu Agosti, akipiga chura tu, mitindo mingine haimsumbui. Yaani lile goti ndilo lililoongezewa mita za mateke kwa ajili ya nyutoni mbili.

Jumamosi nilimpima kabla hajaingia majini, nikamuuliza maumivu kwa sifuri hadi kumi kila aliposukuma. Kubana mapaja: nne. Kutanua: sifuri. Chura imesimama kwa sasa, anaendelea na mtindo huru na mgongo. Kocha ameniuliza kifaa cha kupimia urefu wa mguu kinauzwa wapi. Ni futi ya fundi cherehani, kocha wangu. Yangu niliinunua Kariakoo.