Kabla hujaitupa RAM: kompyuta uliyoiunga mwenyewe inapoganda ovyo

Kompyuta inawaka vizuri, Windows inafunguka, unafanya kazi saa mbili, mara skrini ya buluu. Ukiiwasha tena, iko shwari. Kesho inaganda katikati ya mchezo. Keshokutwa faili la zipu ulilolipakua linakataa kufunguka, ukilipakua upya linafunguka. Dalili zinazohamahama namna hii ndizo zinazonipeleka kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kabla ya kitu kingine chochote. Kila programu hupita humo, kwa hiyo RAM ikikosea, kosa linamwangukia yeyote aliyekuwa amekaa pale wakati huo.

Maneno ya skrini ya buluu husaidia kidogo. MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL huletwa sana na RAM, lakini draiva mbovu (programu inayoendesha kifaa kama kadi ya michoro) nayo huyaleta. Ukiona ujumbe uleule unaotaja draiva ileile kila mara, shughulika na draiva. Ukiona jumbe tatu tofauti ndani ya wiki moja, endelea kusoma.

Wakati huo usisasishe BIOS (programu ya bodi mama inayoamka kabla ya Windows) wala Windows, na usihamishe mafaili unayoyathamini. Faili linalonakiliwa hupitia RAM, na linaweza kuharibika njiani bila onyo lolote.

Sasa ingia BIOS, uzime XMP (au EXPO kwenye bodi mpya za AMD), yaani profaili ya kiwanda inayoikimbiza RAM kupita kasi yake ya kawaida, uhifadhi. Hatua hii pekee humaliza matatizo mengi, na sababu yake inafaa kueleweka. Ile 3600 iliyoandikwa kwenye boksi la DDR4 (kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5) si kasi ya kawaida ya RAM hiyo. Kiwango rasmi cha DDR4 huishia 3200 kwa volti 1.2, ili kufika 3600, profaili ya XMP kwa kawaida hupandisha umeme hadi volti 1.35. DDR5 nayo huanzia volti 1.1, na profaili zake nyingi huwa kati ya 1.25 na 1.4. Kiwanda kimeijaribu RAM yako, lakini hakikuijaribu pamoja na prosesa yako. Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, na prosesa mbili za modeli moja hazilingani nguvu. RAM inaweza kuwa nzima kabisa, na bado ikashindwa kuelewana na prosesa kwa kasi hiyo.

Ndiyo maana kuongeza jozi ya pili ya vipande vya RAM huvuruga mashine iliyokuwa imetulia. Kwa Ryzen 7000, AMD yenyewe inataja 5200 kwa vipande viwili vya DDR5, na 3600 tu ukijaza sloti zote nne. Hata jozi mbili zenye jina moja, zilizonunuliwa miezi tofauti, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Ukitaka GB 64, nunua seti moja yenye vipande viwili vya GB 32.

XMP ikiwa imezimwa, weka MemTest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uwashe kompyuta kutokea hapo, uiache ipige raundi nne kamili. Kwa GB 32, panga usiku mzima. Hata kosa moja tu ni kufeli.

Kosa likitokea, usikimbilie kuzima. Usome mstari wake. Utaona anwani, thamani iliyotarajiwa na iliyopatikana. Tuseme ilitarajiwa FFFFFFFF ikapatikana FFFFFFEF: biti moja kati ya 32 imegeuka kutoka 1 kuwa 0. Biti hiyohiyo, kwenye anwani hiyohiyo, raundi baada ya raundi, maana yake karibu kila mara ni seli iliyokufa ndani ya chipu, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaoifufua. Makosa yaliyotawanyika, yasiyojirudia mahali pamoja, yananuka volteji, kasi au joto.

Ukipata makosa hata kwa kasi ya kawaida, zima swichi ya pawa saplai, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha ubakize kipande kimoja tu kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, ambayo bodi nyingi huiita A2. Jaribu kila kipande peke yake kwenye sloti hiyohiyo. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Vikipita vyote, chukua kimoja ukijaribu kwenye sloti nyingine. Kosa likibaki na sloti, shuku soketi ya prosesa: pini iliyopinda, au kipozeo kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine, huweza kuua chaneli nzima, yaani njia inayounganisha prosesa na sloti za upande mmoja. Legeza skrubu za kipozeo, uzikaze upya kwa msalaba, kidogo kidogo.

Angalia pia jinsi RAM ilivyokaa. Bodi nyingi zina kibanio upande mmoja tu, na upande usio na kibanio ndio hubaki umeinuka kiasi cha unywele. Inama uitazame kwa ubavu: mstari wa dhahabu ukionekana mwembamba upande huu na mnene upande ule, haijaingia. Sukuma ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka usikie mlio. Miguu ikichafuka, tumia alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ile desturi ya kusugua kwa raba siipendi, kwa sababu hula tabaka la dhahabu na kuacha unga slotini.

Kama makosa huja XMP ikiwa imewashwa tu, shusha kasi ukiacha volteji ya profaili ilivyo: DDR4 kutoka 3600 hadi 3400, kisha 3200, DDR5 kutoka 6000 hadi 5600. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kingine. Kwenye DDR5, baada ya badiliko skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa bodi ikijipima na RAM, usikate umeme. Mashine ikishatulia kwa kasi ya kawaida, ndipo usasishe BIOS na kuirudisha XMP, maana matoleo mapya mara nyingi huboresha uelewano huo.

Halafu kuna joto, ambalo kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam si jambo la pembeni. Seli ya RAM hushika chaji inayovuja, na DDR4 huijaza upya kila milisekunde 64. Joto likipanda, uvujaji huongeza kasi. MemTest86+ haiipashi moto kadi ya michoro, kwa hiyo RAM hupita usiku kucha, kisha hufeli jioni mchezo ukipuliza hewa ya moto juu yake. Ijaribu kasha likiwa limefungwa, mchezo mzito ukiendelea saa nzima, mchana.

Ukishapona, fungua dirisha la amri kama msimamizi, endesha sfc /scannow (hukagua mafaili ya Windows) na chkdsk (hukagua diski), na upakue upya kila kisakinishi ulichokipakua kipindi kile. Ukirudisha RAM kwa waranti, rudisha vipande vyote viwili vya seti, hata kama kibovu ni kimoja.