Ramani ya zamani ya Nairobi si mpango wa mji, na kitabu cha anwani si sensa

Mchoro wa katikati ya Nairobi unazunguka tena kwenye simu za watu, na chini yake kumeandikwa kwamba hivi ndivyo mji ulivyokuwa mwaka 1948. Mji haukuwa hivyo. Kilichopigwa picha ni ukurasa wa mpango mkuu uliotolewa mwaka huo, kazi ya Thornton White, Silberman na Anderson, na mengi yaliyochorwa humo hayakujengwa kamwe. Vijana wanaopenda historia ya tao, yaani katikati ya mji, wameongezeka, na hilo linanifurahisha sana. Ndiyo maana linaniuma kuona hati tatu tofauti zikiitwa zote "ramani ya zamani".

Maana zenyewe ni fupi. Ramani huonyesha kilichokuwapo ardhini wakati mpima ardhi alipopita. Mpango wa mji huonyesha walichotaka wenye mamlaka kiwepo baadaye. Kitabu cha anwani ni orodha ya watu, maduka na ofisi, iliyokusanywa na mchapishaji na kuuzwa. Anayetafiti historia ya katikati ya mji anazihitaji zote tatu, ila kila moja ina swali lake.

Mkanganyiko wa ramani na mpango ndio unaoleta hasara kubwa zaidi, na hapa Nairobi ulianza na hati ya kwanza kabisa. Mchoro wa mji wa reli wa 1898 huitwa mara kwa mara "ramani ya kwanza ya Nairobi". Lakini reli yenyewe ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899. Waliouchora walikuwa wakipanga pa kuweka stesheni, karakana, makazi ya wafanyakazi na maduka, na wakati huo hapakuwa na mji wa kupimwa. Hati hiyo ina thamani yake: ukitaka kujua kwa nini reli ilipewa ardhi tambarare na biashara ikasogezwa pembeni yake, anza nayo. Ukitaka kujua duka fulani lilisimama wapi, haina jibu. Isitoshe, Bazaar ya Wahindi ilichomwa moto mwaka 1902 kwa sababu ya tauni, kwa hiyo hata yale yaliyojengwa mapema hayakudumu ili ramani za baadaye ziyakute. Mtu akiuweka mchoro wa 1898 juu ya picha ya setilaiti ya leo na kusema "bazaar ilikuwa hapa", amechanganya wazo la kabla ya mji, mji ulioungua, na mji uliojengwa upya. Mipango ya 1927 na 1973 nayo isomwe kwa tahadhari hiyo hiyo.

Hata ramani halisi inataka kusomwa polepole. Mwaka ulioandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni wa kuchapishwa. Mwaka wa upimaji, au wa picha za angani zilizotumika, huwa umeandikwa kwa herufi ndogo pembezoni, na ndio unaotawala majengo unayoyaona. Majina ya barabara ni ushahidi mwingine, na mimi huyaamini kuliko jalada. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue baada ya uhuru. Hardinge Street ni Kimathi Street, Queensway ni Mama Ngina Street, Sadler Street ni Koinange Street, Grogan Road ni Kirinyaga Road, na Princess Elizabeth Way ni Uhuru Highway. Government Road ilisubiri zaidi: haikuitwa Moi Avenue hadi Moi alipokuwa rais mwaka 1978. Basi ramani yenye Kenyatta Avenue na Government Road kwa pamoja imejitaja umri wake, hata kama kona yake yenye tarehe imeraruka.

Ukiyapuuza majina haya utapotoka vibaya. Waziri Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969 nje ya duka la dawa lililokuwa Government Road. Wapo wanaowapeleka wageni Tom Mboya Street na kuwaambia kwamba ndipo alipoanguka, kwa kuwa jina liko pale. Barabara hiyo ilikuwa Victoria Street. Mahali penyewe ni Moi Avenue, na ndiyo maana sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 2011 imesimama upande huo.

Jina la barabara hubadilika, na jengo huvunjwa. Kinachodumu kuliko vyote viwili ni namba ya kiwanja, ile L.R. 209, mkwaju, kisha namba ya ploti, ambayo ipo kwenye hati za umiliki za katikati ya Nairobi. Ploti ikigawanywa hupata namba mpya, lakini mgawanyo huo huacha karatasi nyuma yake, na ukizifuata utarudi hadi kwenye kiwanja cha mwanzo. Hapo ndipo ramani za upimaji zinaposhinda mchoro wowote wa kupendeza, kwa sababu zimechora mipaka ya viwanja. Ofisi za Survey of Kenya, idara ya upimaji ardhi, ziko Ruaraka. Kwa barua, faili za serikali na picha, Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, mahali ambapo wengi wetu tunapajua kama pa kukutania tu.

Sasa kitabu cha anwani. Maelezo mengi yanayopatikana kwenye intaneti yameandikwa na Wamarekani na Waingereza, na kwao ushauri ni mzuri: fungua kitabu cha mwaka fulani, nenda kwenye barabara yako, usome nyumba moja baada ya nyingine. Vitabu vya London vilikuwa na sehemu iliyopangwa hivyo, barabara kwa barabara. Marekani wana pia ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zilizopakwa rangi kuonyesha jengo la matofali na la mbao. Mtu akija na matarajio hayo Nairobi, atavunjika moyo au, vibaya zaidi, atalazimisha majibu. Vitabu vyetu vya zamani, kama kile kilichotolewa na gazeti la East African Standard na kujulikana kama Red Book, vinakupa majina na kazi za watu, na anwani unayoikuta mara nyingi ni sanduku la posta. Barua hapa haikuletwa mlangoni. Mtu aliifuata posta. Kwa hiyo S.L.P. inakuambia kwamba fundi saa fulani alikuwapo Nairobi na alikuwa akifanya biashara. Haikuambii kama alikuwa Bazaar Street, ambayo leo ni Biashara Street, au River Road. Ili kumpata unahitaji tangazo lake gazetini, leseni, au hati ya ploti.

Na hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu kosa hili linawaumiza watu waliokwisha kuumizwa. Nimesikia ikisemwa kwamba miaka ya 1920 "Waafrika hawakuwapo tao", na ushahidi unaotolewa ni kwamba majina yao hayamo kwenye vitabu hivyo. Vilikusanywa kwa ajili ya walowezi, maafisa na wafanyabiashara. Mpishi wa hoteli, mchukuzi wa stesheni, mfua nguo, karani, fundi cherehani aliyeshona barazani mwa duka la Mhindi: hawa walikuwa tao kila siku, na mwanamume kati yao alibeba kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wakati wa ukoloni. Watafute kwenye usajili wa kipande, kwenye kesi za mahakama, kwenye faili za manispaa kuhusu mitaa ya Waafrika ya Pumwani na Pangani, na kwa wazee ambao bado wanakumbuka walichosimuliwa na baba zao. Kitabu cha anwani kisipomtaja mtu, kinatueleza habari za mchapishaji na wateja wake.

Basi ukiuona tena ule mchoro wa 1948, usiufute, maana ni mzuri na una mengi ya kufundisha. Badilisha maneno ya chini yake tu: "Mapendekezo ya katikati ya Nairobi, kutoka mpango mkuu wa 1948." Ukiweza, uweke kando yake picha ya angani ya miaka hiyo, ili watu waone barabara ipi ilijengwa na ipi ilibaki karatasini.