Dhoruba ya ncha: maana yake na jinsi inavyotabiriwa katika pwani ya kaskazini ya Norwei

Dhoruba ya ncha ni eneo dogo la mgandamizo mdogo wa hewa linalozuka juu ya bahari zilizo karibu na ncha ya dunia wakati wa majira ya baridi, likiwa na upana wa kilomita 200 hadi 1,000 na upepo wa mita 15 kwa sekunde au zaidi, yaani takriban kilomita 54 kwa saa. Maisha yake ni mafupi: mara nyingi haimalizi siku mbili, na nyingine huzuka na kutoweka ndani ya saa chache. Katika bahari zinazopakana na Norwei hutokea kama dazeni moja kwa mwaka, nyingi zikiwa kati ya Desemba na Machi. Kwa maoni yangu ndizo zinazompima hasa mtabiri wa hali ya hewa wa pwani ile, kwa kuwa baridi yenyewe wenyeji wameizoea, ila dhoruba hii huwafika mabaharia kabla hawajajiandaa.

Miji ya Tromsø na Hammerfest iko karibu na latitudo ya nyuzi 70 kaskazini, lakini bahari yake haigandi. Mkondo wa Atlantiki ya Kaskazini huleta maji yenye uvuguvugu kutoka kusini, kiasi kwamba hata katikati ya Januari uso wa bahari hubaki na nyuzi joto kadhaa juu ya sifuri. Mbele zaidi, kuelekea visiwa vya Svalbard, maji yamefunikwa na barafu, na hewa inayotulia juu ya barafu hiyo kwa miezi isiyo na jua hupoa hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, hewa hiyo humwagika juu ya maji yaliyo wazi. Bahari huipasha kutoka chini na kuipa mvuke, hewa ya chini hupungua uzito na kupanda kwa kasi, mvuke hugeuka mawingu na theluji, na joto linalotoka katika mgeuko huo huzidi kuisukuma hewa juu. Utaratibu huu una undugu na ule wa vimbunga vya tropiki, kama Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, kwani vyote hupata nguvu kutoka kwenye joto la bahari na hufifia haraka vikifika nchi kavu. Hata hivyo, kimbunga cha tropiki huhitaji maji ya nyuzi joto 26 hivi au zaidi, ilhali dhoruba ya ncha hukua juu ya maji baridi mradi hewa ya angani iwe baridi zaidi mno.

Tofauti hiyo ya joto kati ya maji na hewa ya angani ina kipimo chake. Mtabiri huchukua joto la uso wa bahari, kisha hutoa humo joto la hewa kwenye kimo ambacho mgandamizo ni hektopaskali 500, yapata kilomita 5 kwenda juu. Maji yakiwa na nyuzi 6 na hewa ya kimo hicho ikiwa nyuzi 40 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi 46, nayo imevuka nyuzi 43 ambazo watabiri wa Norwei huzihesabu kuwa mpaka wa hatari. Kuvuka mpaka huo hakumaanishi kwamba dhoruba itazuka. Maana yake ni kwamba mazingira yanairuhusu, na kazi inayobaki ni kutafuta kichocheo.

Nadharia kuu ya dhoruba za kaskazini ilijengwa mjini Bergen kuanzia 1917 na Vilhelm Bjerknes na wenzake, akiwemo mwanawe Jacob, waliobaini kwamba dhoruba za kawaida hukua kwenye mpaka kati ya hewa ya joto na hewa ya baridi. Dhoruba ya ncha ilikwepa maelezo hayo, kwa sababu huzaliwa ndani ya hewa ya baridi yenyewe, mbali na mpaka huo, na kwa udogo wake iliweza kupita katikati ya vituo viwili vya vipimo bila kuonekana na chochote. Wavuvi walizifahamu kwa machungu muda mrefu kabla ya satelaiti za miaka ya 1960 kuanza kuzionyesha.

Hata satelaiti zina mipaka yake. Huko Tromsø jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, hivyo picha za mwanga wa kawaida hazifai na mtabiri hutegemea zile zinazopima joto la mawingu. Satelaiti zinazosimama juu ya ikweta huliona eneo hilo kwa upande tu. Zenye manufaa zaidi ni zile zinazopita juu ya ncha na kuizunguka dunia kila baada ya dakika 100 hivi. Kwenye picha zake huonekana mistari myembamba ya mawingu inayoanzia ukingoni mwa barafu na kwenda kusini sambamba, ikinenepa kadiri inavyosafiri juu ya maji. Mahali mistari hiyo inapopinda na wingu kuanza kujikunja mithili ya alama ya mkato, hapo ndipo pa kukazia macho. Vipimo vya puto zinazorushwa kutoka kisiwa cha Bjørnøya, kati ya bara na Svalbard, humwonyesha mtabiri hali ya hewa ya angani ambayo picha haziisemi.

Tangu 2015 kompyuta za idara ya hali ya hewa ya Norwei hukokotoa eneo hilo katika vipande vya kilomita 2.5. Hata hivyo, kosa dogo la mwanzo huweza kuihamisha dhoruba mbali, na kwa hiyo hesabu hurudiwa mara nyingi kwa tofauti ndogondogo ili kupata uwezekano, si jibu moja. Mmiminiko wa hewa ya baridi hujulikana siku kadhaa kabla. Mahali na saa ya dhoruba yenyewe hujulikana ikiwa imebaki siku moja au pungufu. Mimi naona utabiri unaotamka wazi kiwango hicho cha shaka ndio wa kuaminika.

Nahodha wa mashua ndogo ya kuvua chewa huko kwenye visiwa vya Lofoten, ambako msimu huanza Januari, anahitaji hizo saa chache. Theluji humziba macho, na matone ya mawimbi huganda kwenye sitaha na kamba hadi chombo kielemewe juu na kupinduka. Nchi kavu dhoruba hufa upesi, lakini theluji yake hubaki kwenye njia za milimani, ambako magari hupitishwa kwa msafara nyuma ya gari la kuondoa theluji au barabara hufungwa kabisa.