Si kweli kwamba wahubiri wote weupe wa Marekani walitetea utumwa

Ujumbe huu haufi kwenye magrupu: eti karne ya 19 kila mhubiri mweupe Marekani alihubiri kwamba utumwa ni agizo la Mungu, na kanisa likanyamaza.

Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana unaaminika. Kusini, wahubiri wengi walishika mistari ya Paulo, "enyi watumwa, watiini mabwana zenu", wakaigeuza nguzo ya biashara ya watu.

Lakini mwaka 1818 mkutano mkuu wa Wapresbiteri, dhehebu la Kiprotestanti, ulitangaza kwamba utumwa unavunja haki za binadamu na kupingana na sheria ya Mungu. Ajabu ni kwamba mkutano huohuo ulikubali kuvuliwa uchungaji kwa mhubiri wa Virginia aliyewakemea wenye watumwa. Ndimi mbili hizo! Kule Ripley, mji mdogo wa Ohio, mchungaji Mpresbiteri alichapisha mwaka 1826 kitabu cha barua alizomwandikia ndugu yake aliyenunua watumwa. Nyumba ya mchungaji huyo, ya kilimani, iliutazama mto Ohio. Ng'ambo ni Kentucky, jimbo la utumwa. Waliotoroka walivuka usiku, akawaficha.

Nyumba ingali imesimama, ni makumbusho. Tamko la 1818 na barua zile zinasomeka bure mtandaoni. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Aliyekutumia mwombe ataje jimbo, mwaka na dhehebu.