Bunduki ya Mjerumani imepita mikono ya nani?

Nikitaja kwamba nakusanya silaha za kale, mtu wa hapa Dodoma hunijibu kwa moja ya majibu mawili. Ama ana mjomba Mpwapwa mwenye "bunduki ya Mjerumani", au anamjua mtu Iringa anayeuza bunduki ya Mkwawa. Hizo za Mkwawa nimeonyeshwa nyingi kuliko ambazo mtawala yeyote angeweza kuzibeba, na siku hizi sizifuatilii. Ya mjomba naomba picha. Sitaki ile ya mjomba amesimama nayo kifuani. Nataka picha ya chuma cha juu ya chemba, pale risasi inapokaa, ya ubavu wa kushoto, ya bati la kitako, na ya kila namba inayoonekana, hata iliyofutika nusu.

Bunduki ya kijeshi ni mali ya serikali, na serikali hugonga mihuri kwenye mali yake. Tukianza na Mauser ya 1898, bunduki ya jeshi la Ujerumani, juu ya chemba utasoma jina la kiwanda na mwaka: Danzig, Spandau, Erfurt, Amberg, au viwanda binafsi kama DWM cha Berlin na Mauser wenyewe wa Oberndorf. Kwa bunduki za Prussia, kwenye mti wa kitako mara nyingi kuna herufi W yenye taji, ya Kaisari Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka. Namba ya bunduki ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu ananitumia namba nne tupu akidhani nina daftari la kufungua nikamtajia jina la askari. Kila kiwanda kilianza kuhesabu upya kila mwaka, na kikifika 9999 kiliongeza herufi a, kisha b, na kuendelea. Kwa hiyo namba moja inaweza kuwa kwenye bunduki kadhaa tofauti kabisa. Bila kiwanda, mwaka na ile herufi ndogo, namba haina msaada.

Ukishapata vitu hivyo vitatu, tazama sehemu ndogondogo: bolti, mikanda ya mtutu, bati la kulengea, hata skrubu. Wajerumani waligonga tarakimu za mwisho za namba karibu kila mahali. Zikilingana zote, bunduki hiyo haijachezewa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulipia sana bunduki ambayo namba zake zote zinalingana. Mimi, kwa huku kwetu, huwa naitilia shaka. Bunduki iliyopigana miaka minne porini, ikatengenezwa na fundi wa kikosi kwa vipuri vya nyingine tatu, haiwezi kuwa na namba zinazolingana. Bolti ya namba ya kigeni hapa ni ushahidi wa maisha yake.

Halafu kuna jambo ambalo wenye "bunduki ya Mjerumani" hawapendi kulisikia: mwaka 1914, vita vilipoanza, kombania nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki hazikuwa na Mauser ya 98. Zilikuwa na ile ya 1871, ya milimita 11, inayoingia risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo. Ni aina hiyohiyo ya bunduki waliyokuwa nayo askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walipowashinda na kuondoka na silaha zao. Ubavuni mara nyingi imeandikwa "Mod. 71" kwa herufi za Kijerumani cha zamani. Nikiona bunduki ndefu ya risasi moja yenye maandishi hayo, kutoka Kilosa hadi Iringa, moyo hunidunda zaidi kuliko kwa Mauser yoyote ya 98.

Za 98 zilikujaje kwa wingi? Sehemu kubwa ilikuja vita vikiwa vimeshaanza. Aprili 1915 Rubens, meli ya Wajerumani iliyoleta silaha, ilipenya kizuizi cha Waingereza ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Ilishambuliwa na kuwaka moto, lakini shehena ikaopolewa: bunduki 1,800 na mamilioni ya risasi. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, ikabidi zifunguliwe moja moja kwa mkono, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Miezi michache kabla yake, Novemba 1914, mapigano ya Tanga yalikuwa yamewaachia Wajerumani bunduki 455 za Waingereza, pamoja na bombomu (bunduki za rashasha) 16. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa askari wa Mjerumani alishika silaha ya Mwingereza.

Mwishoni ilikuwa zaidi ya hapo. Mwezi Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alivuka Ruvuma na kuteka kambi ya Wareno pale Ngomano, akawapa askari wake silaha za Kireno. Tarehe 25 Novemba 1918, aliposalimu amri Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, bunduki alizokabidhi zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita bila bunduki za Mjerumani! Sasa chukua Mauser-Vergueiro ya Wareno ya milimita 6.5: imetengenezwa Berlin na DWM, juu ya chemba ina nembo ya mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno, na huenda ilibebwa na askari aliyezaliwa Tabora. Ukiuliza ni bunduki ya nani, majibu yote matatu ni sahihi, na kazi ya kutafuta asili ni kujua kila mkono uliipokea lini.

Kwa kanda ya kati, kuna tarehe zinazosaidia. Jenerali Van Deventer na askari wake wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, walifika Kondoa Irangi Aprili 1916. Lettow alijaribu kuwang'oa usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei, akashindwa. Dodoma, iliyokuwa imefikiwa na reli mwaka 1910, iliangukia mikononi mwao tarehe 29 Julai. Miezi hiyo ndiyo iliyomwaga vyuma vingi ardhini huku. Mkulima wa Kondoa akiniletea ganda la risasi, nageuza kitako chake juani. Lenye R na L pande mbili za mshale ni la kiwanda cha serikali cha Woolwich, lenye K na F ni la Kirkee, India. La Mjerumani huwa na mwezi na mwaka. Lakini ganda linasema tu kwamba hapo risasi ilipigwa. Halisemi bunduki iliyoko kwa jirani ndiyo iliyoipiga, ingawa jirani huwa ameshakata shauri zamani. Na tafadhali, kisichokuwa tupu usikiguse wala usikichimbue. Risasi na makombora ya miaka hiyo bado yanaua.

Magobore, bunduki za kushindilia baruti mdomoni, ni kesi nyingine, nami nayapenda kwa sababu yanadanganya kwa ufundi. Misafara ya kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo na kulipa hongo, kwa hiyo bunduki za biashara ziliingia Mpwapwa na Kilimatinde kabla ya Mjerumani yeyote. Nyingi zimeandikwa TOWER zikiwa na taji, kama bunduki za jeshi la Uingereza za zamani. Usiamini. Neno hilo liligongwa na wafanyabiashara wa Birmingham, na mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliliiga bila haya. Toa mtutu kwenye mti wake utazame chini, karibu na pale baruti inapowakia. Ukikuta yai dogo lenye herufi ELG na nyota, ni la Liège. Kama juu ya yai kuna taji, limepitishwa baada ya Julai 1893.

Hapo ndipo inapokuwa tamu. Bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, aina iliyoachwa na majeshi ya Ulaya miongo mingi nyuma, inawezaje kuwa mpya mwaka 1895? Jibu liko kwenye Mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie eneo la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, lakini yakaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Liège ikaendelea kuzitengeneza kwa ajili yetu. Gobore "la karne ya kumi na nane" la babu linaweza kuwa dogo kwa umri kuliko Mauser ya 71.

Yote haya yanategemea mihuri, na adui yake mkubwa ni msasa. Nimeona bunduki iliyong'arishwa ikawa kama kijiko cha harusini, haina hata herufi moja. Mafuta mepesi na kitambaa vinatosha. Kutu ya kahawia iliyolala iacheni ilale.

Nyaraka zipo, ila zina matundu. Kumbukumbu nyingi za jeshi la Prussia ziliungua Potsdam Aprili 1945, hivyo usitarajie daftari la nani alipewa bunduki gani. Faili za utawala wa Kijerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na za wizara ya makoloni ziko Berlin. Shajara za vikosi vya Uingereza ziko Kew, London. Hizo zitakuambia kikosi kilikuwa wapi siku gani. Kiungo cha mwisho, kutoka kikosi hadi nyumba ya mjomba, kiko kwa wazee peke yao, nami nakiandika neno kwa neno pamoja na jina la msimulizi na siku aliyosimulia. Huwa naamini zaidi hadithi isiyo na shujaa: alipewa na shemeji, shemeji alikuwa mpagazi, akaiokota Chenene.

Kuhusu sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo lile gobore lenye taji juu ya ELG halimo kwa umri wake. Lakini bado ni bunduki. Uzee wake usikufanye uikwepe Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015: kabla hujainunua, kuirithi au kuisafirisha, nenda polisi uulize na usajili. Na ikiwa umetoka Kongwa na ulichonacho ni cha Kichina au Kirusi, cha enzi za kambi za wapigania uhuru, usinitumie hata picha. Hicho si cha kale, kipeleke kituoni.