Safu ndani ya safu: kukata stringi mara mbili katika Java

Muuza ndizi wa soko la Kongowea, Mombasa, huanza kwa kuukata mkungu kuwa machana. Akija mtu wa ndizi tano tu, ndipo chana nalo linyofolewe. Kugeuza stringi moja (mfuatano wa herufi) kuwa safu (array) ndani ya safu ni kazi hiyo hiyo: kisu kinapita mara mbili.

Tuseme programu ya matatu imeletewa vituo vyote katika mstari mmoja. Nuktamkato inatenga njia, koma inatenga vituo.

String s = "Kongowea,Bamburi,Mtwapa;Changamwe,Miritini;Likoni,Ukunda,Msambweni,Lungalunga";
String[] machana = s.split(";");
String[][] mkungu = new String[machana.length][];
for (int i = 0; i < machana.length; i++) {
    mkungu[i] = machana[i].split(",");
}

Sasa mkungu[1][0] ni Changamwe, maana hesabu huanzia 0. Ukianza na koma badala ya nuktamkato, utapata kipande "Mtwapa;Changamwe": abiria wa kaskazini na wa magharibi wamebanana kiti kimoja.

Mabano ya pili baada ya new yameachwa matupu makusudi. Java haina jedwali la mraba; ina safu ambayo kila kilichomo ni safu nyingine, na kila moja ina urefu wake, kama machana yasivyolingana ndizi. Njia ya Changamwe ina vituo 2, ya Likoni 4. Kwa hiyo ukipitia vituo vyote kwa kitanzi ndani ya kitanzi, kile cha ndani kisome mkungu[i].length. Wengi huandika mkungu[0].length, ambayo hapa ni 3, na programu inaanguka ikifika Changamwe kwa ArrayIndexOutOfBoundsException.

Halafu kuna hila ya split yenyewe, ambayo binafsi naiona ya kuudhi. Unachoipa si alama tu, ni ruwaza (regex), ambamo baadhi ya alama zina maana maalumu. Nukta katika ruwaza humaanisha herufi yoyote, kwa hiyo "a.b".split(".") hurudisha safu tupu kabisa, andika split("\\."). Mstari wima nao una maana yake maalumu, uandike "\\|". Tena split hutupa vipande vitupu vya mwishoni bila kukuambia: "Likoni,,".split(",") inakupa kipande 1. Ukivitaka vyote 3, andika split(",", -1).